Lee Van Cleef Kabla Hajawa Stelingi

Watu wa rika langu tuliokulia Mwanza hatukulelewa na televisheni. Kenya na Uganda walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 60, Zanzibar wakaipata mwanzoni mwa miaka ya 70, sisi wa Bara tukangoja hadi 1994. Zile tamthilia za makaboi zilizowakusanya Wamarekani sebuleni kila wiki, Gunsmoke, Bonanza, Rawhide, The Rifleman, zilianza, zikavuma, zikaisha, na huku kwetu ziwani ni wachache mno waliojua kwamba zimewahi kuwepo. Sisi tulikuwa na jumba la sinema, na ndani ya jumba hilo tulikuwa na Lee Van Cleef.

Clint Eastwood alikuwa na watu wake. Franco Nero, yule Django, alikuwa na wengi zaidi, na vijana waliojiita jina lake wamezeeka nalo. Kirumba kuna babu mpaka leo anaitwa Django, na wajukuu zake hawajui jina hilo lilitoka wapi. Mimi nilikuwa wa Van Cleef tangu siku ya kwanza nilipomwona, na sijawahi kuhama. Naandika habari zake sasa kwa sababu nimefikia umri wa kuiona kazi aliyoifanya kabla hajatufikia, kazi ya miaka mingi ambayo sisi hatukuwa na njia yoyote ya kuijua, na ninaona heshima tuliyompa ilikuwa ndogo kuliko aliyostahili.

Jumba lenyewe lilikuwa katikati ya mji, upande wa mtaa wa Liberty. Jumapili ilikuwa ya picha za Kihindi, familia nzima nzima zikija zimevaa vizuri, watoto wameshikwa mkono. Siku za makaboi mambo yalikuwa mengine. Viti vya mbele, karibu kabisa na pazia, ndivyo vilivyokuwa rahisi, na huko ndiko tulikojaa sisi wanafunzi, wachukuzi wa bandarini, vijana wa sokoni, mafundi baiskeli. Mtu anayejua Kiingereza alitafsiri kwa sauti, na aliyekuwa ameiona picha jana yake alipiga kelele kumwonya stelingi kwamba kuna mtu juu ya paa. Mikanda ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, imo kwenye makopo ya bati, na ilipofika kwetu mwisho wa reli ilikuwa imeshachoka. Picha ilinyesha michirizi mwanzo hadi mwisho. Mkanda ulipokatika ukumbi mzima ulipiga miluzi, opareta akauunga kule juu kwenye chumba chake kidogo chenye joto, na tuliporudi kwenye hadithi mara nyingine mtu mmoja alikuwa ameshakufa bila sisi kuona alivyokufa.

Opareta yule sikuwahi kuzungumza naye. Nilimjua kwa mgongo tu, akipanda ngazi na makopo yake.

Ni miaka hiyohiyo ambapo mji ulikuwa unabadilika chini ya miguu yetu. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, Kampuni ya Filamu Tanzania ikaundwa 1968 na uingizaji wa picha ukawa chini ya serikali, na Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wahindi wengi waliokuwa na maduka na majumba pale mjini walifunga mizigo. Lakini picha ziliendelea, na foleni ya tiketi haikupungua.

Waliokosa fedha ya tiketi walihadithiwa. Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu vijana wa leo wenye simu mfukoni hawawezi kulikisia. Mwanza ni mji wa mawe. Ukitoka Mabatini, ukipanda kuelekea Bugando, mawe yamepandana juu ya mawe, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati yake kuna mapito na vijiwe vya kukaa. Jioni baada ya picha tulikusanyika huko, na kijana mmoja mwenye kipaji, jina lake nalihifadhi, alisimama juu ya jiwe akaanza kuhadithia. Hakuwa anasimulia matukio tu. Alitembea mwendo wa kila mhusika, alipiga muziki kwa mdomo, alitoa mlio wa risasi inayogonga mwamba na mlio wa ile inayokosa. Picha ya saa mbili aliihadithia kwa saa tatu. Nimekutana na watu wazima wanaoapa kwamba waliiona picha fulani ukumbini, na mimi najua waliiona juu ya jiwe.

Mawe hayohayo yalikuwa Texas yetu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Texas tuliyoiona kwenye pazia ilikuwa Hispania, katika nchi kavu ya Almería, na waliopiga picha walikuwa Waitaliano. Basi Mabatini haikuwa mbali na Texas kuliko Almería ilivyokuwa.

Picha yangu ya kwanza ya Van Cleef ilikuwa For a Few Dollars More, ambayo Sergio Leone aliitengeneza mwaka 1965. Anacheza Kanali Douglas Mortimer, mtu mzima mwenye suti nyeusi na kiko mdomoni, anayefuatilia jambazi aitwaye Indio. Kwenye tandiko la farasi amefunga ngozi iliyokunjwa, na akiikunjua, ndani zimepangwa bunduki za kila urefu. Haharakishi kitu. Kuna mahali anaingia kilabuni na kuwasha kiberiti kwa kukikwaruza kwenye nundu ya mgongo wa jambazi mmoja, aliyechezwa na Klaus Kinski, kisha anawasha kiko chake taratibu huku yule bwana akitetemeka kwa hasira. Ukumbi ulikaa kimya. Watu waliokuwa wakipiga miluzi tangu mwanzo wa picha walinyamaza wote kumtazama mtu akiwasha kiko.

Kijana wetu wa kuhadithia alishindwa hapo. Alijaribu mara kadhaa, akatoa kiberiti, akainamisha mtu mmoja mgongo, lakini haikuwa. Kile Van Cleef alichokifanya hakikuwa kitendo, kilikuwa ni kutotenda, na kutotenda hakuhadithiki. Pua iliyochongoka, macho membamba yasiyopepesa, kichwa kimeinama kidogo. Anakutazama, basi.

Kila mpenzi wa sinema aliijua kanuni ya kwanza: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataachwa jangwani bila maji, lakini hafi. Kwa hiyo The Good, the Bad and the Ugly ilipotufikia, sisi wa Van Cleef tuliingia ukumbini tumejiandaa kwa sherehe. Dakika za mwanzo tu anaua mtu mezani na kuondoka. Tukasema, bila shaka ana sababu. Anampiga mwanamke ili amwambie alipo mtu anayemtafuta. Ukumbi ukaanza kunung'unika. Na mwisho, kule makaburini, watu watatu wamesimama kwenye duara la mawe, muziki wa Ennio Morricone unapanda, kamera inakwenda kwenye macho, kwenye mikono, kwenye macho tena. Wa viti vya mbele tuliona jambo ambalo wa nyuma hawakuliona: kidole cha kati cha mkono wake wa kulia hakina ncha. Kisha Eastwood anafyatua, na Van Cleef anaanguka ndani ya kaburi.

Kelele zilizopigwa siku ile nazisikia mpaka leo. Watu walisimama, wengine walidai picha irudishwe nyuma. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amenilipia tiketi, aliniambia tukiwa njiani kurudi nyumbani, "Mdogo wangu, yule bwana anajua kufa." Nilikasirika. Nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa amesema neno la maana kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, na kwamba kama angejua Van Cleef alijifunzia wapi kufa, angelisema kwa mkazo zaidi.

Usukuma ni nchi ya ng'ombe, na hilo liliwapa wenzetu wa vijijini jicho lao wenyewe la kuzitazama picha hizi. Mwenzangu wa darasani alikuwa amechunga mifugo ya baba yake huko Magu tangu utotoni. Tulipotoka ukumbini alikuwa na swali moja: ng'ombe wako wapi? Watu wanaitwa wachunga ng'ombe, wana farasi, wana kamba, wana kofia, na saa mbili nzima hakuna hata ndama aliyepelekwa mtoni. Alikuwa na haki ya kuuliza. Picha za Waitaliano hazikuwa na habari na mifugo, zilikuwa na habari na dhahabu na kisasi. Hofu ya mfugaji anayeamka na kukuta zizi tupu hatukuiona kwenye pazia. Tuliiona vijijini kwetu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 80 wananchi wa Usukuma na Unyamwezi walipounda Sungusungu kupambana na wezi wa mifugo.

Sasa niruke miaka mingi. Jumba la sinema lilikufa, vikaja vibanda vya video, kisha televisheni yenyewe, hata Mwanza ikawa na kituo chake, Star TV. Van Cleef alikuwa ameshafariki, tarehe 16 Desemba 1989, huko California. Mimi nimestaafu. Na mjukuu wangu, anayejua babu yake anapenda nini, akanifungulia kwenye kompyuta tamthilia ya zamani isiyo na rangi, ya The Rifleman.

Ilirushwa Marekani kuanzia 1958 hadi 1963, sehemu 168, kila moja nusu saa pamoja na matangazo. Lucas McCain ni mgane anayefuga ng'ombe nje ya mji wa kubuni uitwao North Fork, katika New Mexico, akimlea mwanawe wa pekee, Mark. Nilipoona ng'ombe nilimkumbuka yule mwenzangu wa Magu. Hii ndiyo picha aliyokuwa akiidai. McCain anachezwa na Chuck Connors, pande la mtu ambaye kabla ya kuigiza alicheza mpira wa kikapu na besiboli ya kulipwa, na mtoto anachezwa na Johnny Crawford. Kila wiki baba anamfundisha mwana jambo fulani, na kila wiki jambo hilo haliwezi kufundishwa mpaka aingie mtu kutoka nje, mgeni, aliyebeba matatizo yake mwenyewe.

Katika sehemu ya mwaka 1959 mgeni huyo alikuwa mtu aitwaye Dan Maury, aliyetoka kifungoni na kuja kumlipizia kisasi mzee Micah Torrance, mlinzi wa sheria wa North Fork. Alipoingia tu nilimshika mjukuu mkono.

"Babu, huyu ndiye stelingi wako? Mbona hapa ni adui?"

Nilimwambia atulie, amtazame.

Alikuwa kijana zaidi, mwili mwepesi, na macho yaleyale. Maury hana haraka ya kuua. Anangoja. Amekaa mjini anangoja, na kule kungoja kunamla yule mzee kuliko risasi. Nikaona pale, miaka sita kabla ya Leone, yule Kanali Mortimer aliyewasha kiko, amekamilika, ila amevaa nguo za mtu mwingine na amepewa dakika chache tu.

Alirudi North Fork mwaka 1960 akiitwa Stinger, akarudi 1961 akiitwa Wicks, na 1962 akiitwa Johnny Drako. Mara nne katika tamthilia moja, majina manne, na watazamaji hawakutakiwa kukumbuka kwamba huyu ni yule. Wakati huohuo alikuwa mgeni katika Gunsmoke, katika Bonanza, katika Have Gun – Will Travel na nyingine nyingi, akiwekwa chini ya ulinzi hapa, akiuawa kule, wiki hii mwizi, wiki ijayo muuaji wa kukodiwa. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mwigizaji mgeni. Anafika, anajifunza mistari yake, anapigwa picha siku chache, analipwa, anaondoka. Jina la mwenye tamthilia linabaki kubwa mwanzoni mwa kila sehemu. La kwake linapita mwishoni pamoja na mengine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kazi hii ni kweli tupu: ushujaa wa McCain wa kila wiki uliletwa na mtu aliyekuja kushindwa.

Nilipofuatilia habari zake nikaelewa zaidi. Alizaliwa Somerville, New Jersey, tarehe 9 Januari 1925. Vita vya Pili alivipigana katika jeshi la majini, kwenye meli ya kutegua mabomu ya baharini, na baadaye akafanya kazi ya uhasibu kabla jukwaa halijamchukua. Picha yake ya kwanza ilikuwa High Noon ya 1952. Mtayarishaji Stanley Kramer alitaka kumpa nafasi kubwa zaidi endapo angekubali kufanyiwa upasuaji wa pua. Alikataa. Akapewa Jack Colby, mmoja wa majambazi wanaongoja treni, ambaye hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye uso wa kwanza unaouona picha inapofunguka. Ninapofikiria ukumbi wetu ulivyonyamaza, najua alianzia kujifunza wapi. Mtu aliyenyimwa maneno alijifunza kusema na uso, na pua aliyokataa kuikata ndiyo tuliyoitambua sisi huku Mwanza kabla hata jina lake halijasomeka kwenye bango.

Baadaye ikaja ajali ya gari iliyomvunja goti vibaya, akaambiwa hatapanda farasi tena. Alipanda, kwa maumivu. Nafasi zilipungua, akashika brashi na kuchora picha za rangi ili aishi. Ncha ya kidole ile tuliyoiona haipo aliipoteza nyumbani, akimjengea binti yake kibanda cha kuchezea. Leone alipomfuata Marekani alikuwa na madeni, hata ankara ya simu ilikuwa haijalipwa. Kwa For a Few Dollars More alilipwa dola 17,000; mwaka uliofuata malipo yake yalizidi dola 100,000. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 40. Sisi tulidhani tunamtazama nyota aliyezaliwa nyota.

Na huyo Chuck Connors, mwenyeji wake wa North Fork, naye hakuwa mbali na sisi kama nilivyodhani. Mwaka 1967 alianza tamthilia nyingine, Cowboy in Africa, kuhusu kaboi anayeletwa Kenya kufuga wanyama pori. Sehemu kubwa ilipigwa California, lakini ilitokana na picha ya sinema iliyopigwa Kenya kwelikweli, Africa Texas Style, ambayo stelingi wake alikuwa Hugh O'Brian, naye pia aliyejulikana kwa tamthilia ya kaboi. Wamarekani walikaa sebuleni wakitazama Afrika Mashariki ya makaboi, sisi tumekaa viti vya mbele Mwanza tukitazama Marekani iliyopigwa Hispania. Sidhani kuna upande uliopungukiwa.

Katika zile sehemu nne, mimi nachagua ya 1962. Johnny Drako ni mpiga bastola mwenye jina kubwa na baya, na sasa amechoka. Anataka kutulia North Fork, lakini sifa ya mkono wake imemfuata. Van Cleef hamchezi kama jambazi wala hamchezi kama mtu mwema aliyeonewa. Anatembea kama mtu anayejua kila anayemtazama anapima umbali. Nimezitazama tena Sabata, Death Rides a Horse, The Big Gundown, zote nilizozipigia miluzi ujanani, na bado naiweka nusu saa hii juu yao. Hakuna muziki wa Morricone wa kumbeba, hakuna pazia kubwa la kumkuza. Ni yeye na kazi yake, katika tamthilia ya mtu mwingine.

Vijana wa Mwanza wanaoigiza siku hizi, wanaorekodi kwa kamera ndogo huku Kirumba na Nyegezi, wengi wananiambia wamekataa nafasi kwa sababu ni ya kuingia mara moja na kutoka. Nawaonyesha Dan Maury. Wengine wanatazama hadi mwisho.

Nami nina ombi kwa wanaosoma. Waliouza tiketi pale dirishani, waliobeba makopo ya mikanda kutoka stesheni, waliochora mabango, opareta waliokaa kwenye chumba cha joto usiku hadi usiku, majina yao hayakuandikwa popote, na wachache waliobaki ni wazee sana. Kama unaye mmoja nyumbani kwenu, iwe Mwanza, Bukoba au Musoma, kaa naye wiki hii. Mwulize picha gani ziliujaza ukumbi, nani alikuwa anahadithia na wapi, kisha andika majina na miaka. Na kama kuna bango la zamani limekunjwa ndani ya sanduku, usilitupe.